Nilichomficha daktari wa mguu

Alhamisi, 5 Machi. Mvua tangu alfajiri, na mtaa wetu wa Kenya wote ni matope.

Leo nimemdanganya daktari.

Hii ni wiki ya tano tangu anipasue mguu wa kulia, kuondoa ule mfupa uliochomoza kando ya kidole gumba. Alinieleza vizuri: mfupa umekatwa, umenyooshwa, umefungwa kwa skurubu, kano za upande mmoja zimelegezwa, za upande mwingine zimekazwa. Mpaka vyote vishikane, kiungo hakina nguvu ya kujishikilia. Wiki nane bila kukanyaga pedali ya cherehani. Niliitikia kila neno.

Lakini Jumapili ni sikukuu ya wanawake. Hapa Lubumbashi, mshonaji anayewarudishia akina mama vitambaa vyao wiki hii bila kuvishona ajue amewapoteza. Wa parokia yetu waliniletea vyote, rangi moja, mshono mmoja. Nilijaribu mguu wa kushoto: gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Basi nikavua kile kiatu kigumu cha hospitali. Siku tisa nimekanyaga kwa ule ule wa kulia.

Tangu juzi kidole kinacheza. Nikisimama kinakimbilia ndani, upande wa mguu mwingine, na kuna kitu kinateleza pale kwenye kiungo.

Naogopa hata kukitazama.

Asubuhi umeme ulikuwa umekatika hospitalini, picha ya mfupa haikupigwa. Daktari akabaki na maneno yangu tu, akauliza kama nimefanya kazi na cherehani.

"Maman Odile, haukutumika na mashini?"

"Apana, docteur. Niko naikala tu."

Alikibonyeza. Nikauma meno, nikatabasamu.

"Muzuri sana. Lundi tutaanza kukusimamisha na vidole."

Jumatatu! Nisimamie vidole juu ya kiungo kinachoteleza, kwa sababu ya uongo wangu. Kikitoka ni kisu tena, na mara ya pili, alisema mwenyewe, huenda wakakigandisha kisikunjike maisha yangu yote. Hapo nitakanyaga pedali kwa kitu gani?

Zilikuwa zimebaki blauzi nne. Mchana nimempelekea Maman Chantal, mshonaji wa barabara ya pili, ambaye sijawahi kumsifia hata kifungo. Alizipokea, akautazama mguu wangu. Niliona aibu, ila hilo lilikuwa jepesi kuliko kumkabili daktari.

Kesho asubuhi narudi hospitali. Nitasema ukweli nikiwa bado mlangoni, kabla daktari hajanikaribisha kiti, maana nikishakaa najijua.