Firauni wa Busi

Ipagala, Dodoma
8 Desemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mzima, joto tu. Mama hajambo? Magoti yako je?

Darsa letu la akina mama linaendelea. Bi Rukia anatufundisha kwamba kila kisa cha Kurani kina mlango wa ndani. Firauni, kwa mfano, yumo kifuani mwa kila mtu, ndiye anayesema, "Mimi ndimi mkubwa." Basi tunakaa kimya, tunavuta uradi wa kumtaja Mungu, kila mmoja anamtafuta wake. Wangu nilimkuta kwenye foleni ya maji, ananung'unika. Nilicheka peke yangu.

Bi Rukia anahamia Singida, anataka mimi nishike darsa. Bila radhi yako sishiki.

Mwanao,
Nasra

Busi, Kondoa
19 Desemba 2024

Mwanangu Nasra,

Waaleikum salaam, marahaba. Wote wazima, magoti yanalalamika kama kawaida yake. Mvua imegoma.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili imeniudhi zaidi. Firauni alikuwa mfalme wa Misri, akazama, basi. Kesho utaniambia na bahari ni machozi. Nimesomesha watoto Kurani chuoni hadi nimeota mvi, sijamwona Firauni hapa Busi. Radhi sitoi.

Baba yako,
Abbasi

Ipagala
27 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na ukame.

Bahari ilipasuka, Baba, sina shaka. Najiuliza tu kisa hicho kinanitaka nini mimi leo. Na kama Firauni hujamwona hapo Busi, kamuulize Baba Mdogo Abdulrahim, ambaye hamsalimiani naye tangu mbuzi wake walipokula uwele wako. Nisamehe ulimi wangu. Darsa nimelikataa.

Mwanao,
Nasra

Busi
20 Februari 2025

Nasra mwanangu,

Salaam nyingi. Hujambo? Nilinuna, ndiyo maana ya kimya.

Ijumaa iliyopita tulitoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, mimi nikiwa imamu. Desturi unaijua: imamu anageuza shuka lake mabegani, la ndani litoke nje, na watu wanafuata, ili Mungu naye atugeuzie hali. Nikashika shuka, mikono ikagoma. Nilikuwa nimemwona Abdulrahim safu ya nyuma, na moyoni nikasikia, "Aje yeye kwanza, mimi ndimi mkubwa."

Mwanangu, nilimtambua. Niliona haya na nikataka kucheka, palepale mbele ya waumini.

Nikapita katikati ya safu, shuka mkononi, nikamkumbatia mdogo wangu. Alilia, nikamzidi. Wanawake wakapiga vigelegele, jambo ambalo si la mahali pale, lakini sikumkataza mtu. Ndipo nikageuza shuka.

Mvua ilinyesha jana. Furaha yangu mimi ilitangulia.

Radhi unayo, ya moyo mweupe. Kamwambie Bi Rukia umekubali. Ila nina swali. Firauni wangu nilimwona akizama Ijumaa kwa macho yangu, na Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni, nguo zimeshakauka, ananingoja twende shamba. Wenzako darsani wanafanyaje? Niandikie upesi, mwalimu.

Baba yako,
Abbasi