Kwa Nini Shemeji Alirudi Bila Watoto

Ramisi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, ule uvimbe wa kifundoni umeshuka na unatembea bila kushika ukuta. Shemeji Bakari hajambo? Na paa la jikoni, mlilosema mtaliezeka kabla ya masika, limeezekwa? Sisi huku, alhamdulillahi, tunapumua. Mvua imetosha. Juma hili kiwanda cha sukari kimesimama kwa matengenezo, kwa hiyo hatuamshwi na king'ora, wala masizi ya miwa hayaangukii nguo tulizoanika.

Dada, najua umekasirika. Mtu wa kwetu Siyu aliyepita hapa akienda Vanga kununua mchele alinifikishia maneno yako: kwamba Shee amekua, Shee amekudharau, Shee amemrudisha mumeo mikono mitupu kama mtu aliyekuja kuomba. Niliyasikiliza nimesimama mlangoni. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Ulinipa sahani iliyojaa ukabaki na ukoko wewe. Mtu wa kudharauliwa na mimi hawezi kuwa wewe. Basi nisikilize kwanza, kisha uhukumu.

Ulijua kwamba wifi yako Rukia alilazwa Msambweni kwa ugonjwa wa kifua. Usilolijua ni nyumba ilivyokuwa nyuma yake. Daktari aliniambia kwa upole kwamba dawa za kifua hazina haraka, na kwamba mgonjwa atakaa huko miezi. Nikarudi na watoto. Zuhura akaniuliza, "Baba, leo tutakula nini?" Nikatazama jiko, jiko likanitazama. Miaka yote ya ndoa yangu sikupata kujua chumvi inawekwa wapi. Nilisonga sima ikatoka na madonge ya unga mkavu ndani, na mchuzi wa samaki niliupika hata samaki mwenyewe akapotea. Athumani alikula matonge mawili, akasema ameshiba, kisha nikamkuta uani anakula chicha la nazi walilokuwa wametupiwa kuku.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni mama mmoja wa Kidigo, mjane, anaitwa Bi Mejumaa. Hupika mikate ya kumimina na kuiuza penye lango la kiwanda. Aliwaona watoto akawaita, akawalisha, na siku ya pili pia. Siku ya tatu nilipokwenda kumshukuru alikuwa amekalia kibao chake anachagua mchele.

"Shukurani nimepokea," akasema. "Sasa keti."

"Niketi, Bi?"

"Keti kwenye mbuzi ya kukunia. Leo nitawalisha, kesho nitawalisha. Nikiugua mimi je? Watoto wana baba. Haya, ikune nazi hii."

Nikamwambia kwetu mwanamume hakalii mbuzi. Akacheka mpaka mchele ukamwagika ungoni. "Kwenu wapi huko ambako moto unauliza huyu ni mume au ni mke?"

Nikakaa, dada. Nilikuna nazi ile nikajikuna na vidole. Akanifundisha kulikamua tui la kwanza, lile zito, na kuliweka kando, nikakamua la pili jepesi la kuchemshia. Akanifundisha kuusikia wali kwa sikio: maji yakiisha, sufuria hubadilisha sauti. Mimi seremala, najua sauti ya mbao nyevu na ya mbao kavu, kwa hiyo hilo nililishika upesi kuliko mengine. Kila nitokapo kazini nilipita kwake kwanza. Kazini nako habari zilifika kabla yangu. Wenzangu wakaniita Mama Zuhura. Asubuhi nikiingia karakana mmoja huuliza kwa sauti, "Mama Zuhura, leo umewaachia wanao nini?" Na wote hucheka. Nilikuwa nainamisha kichwa napiga randa.

Sasa lililonipeleka kwenye mkate ni hili. Kila Jumapili tulikwenda kumtazama Rukia. Watoto hawaruhusiwi kuingia ndani, kwa hiyo muuguzi humtoa barazani, akakaa mbali nasi kidogo kama daktari alivyoagiza, tukazungumza. Kila juma nilimwona amepungua. Muuguzi akanivuta kando akaniambia, "Dawa anameza, lakini chakula anakirudisha. Bila chakula dawa itamfanyia nini?" Nikamuuliza Rukia roho yake inataka nini. Akafikiri, akasema, "Mkate wa kumimina, wa moto, wenye iliki. Lakini basi, usijisumbue."

Nilimwomba Bi Mejumaa anipikie mmoja nipeleke. Akakataa! Akasema, "Wangu anaweza kuununua mtu yeyote. Mpikie wako."

Mchele wa kulowekwa, ukasagwa na tui zito, sukari, iliki, hamira, ukaachwa uumuke. Kuumuka uliumuka. Kisha unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, moto mdogo chini, na juu unafunika kifuniko cha bati na kukipalia makaa, uive kutoka pande mbili. Wa kwanza niliuunguza chini ukawa mweusi, na katikati ulikuwa uji. Athumani alitafuna ule ukoko, meno yote meusi, akaniambia, "Mtamu, baba." Mtoto wa miaka mitano, dada, anamwongopea babake kwa huruma. Wa pili uliinuka vizuri kisha ukazama. Bi Mejumaa alikuja akautazama.

"Umefunua mara ngapi?"

"Mara nyingi. Nilitaka kujua kama unaiva."

"Mkate hautaki kuchunguliwachunguliwa. Ukishaupa moto wake, uamini."

Alikuwa anasema mkate, lakini mimi nilimwaza Rukia kule barazani, nikageuza uso.

Siku niliyoupata sikuwa hata na tumaini. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimepalia makaa, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya mchuzi, jasho linanitiririka, na shuka nimeifunga kiunoni. Kivuli kikaziba mlango. Nikainua macho, nikamwona shemeji Bakari na mfuko wake wa safari.

"Subhanallah," akasema. "Shee, ni wewe?"

Nikasimama kumpa mkono, mkono wote nazi. Akaketi, akanywa maji, akaniuliza hali, kisha akanieleza ulichomtuma: watoto waende Siyu wakae nawe mpaka mama yao atakapopona, kwani mwanamume peke yake hawezi kulea. Alisema kwa wema. Na mimi, dada, sikukataa. Nakuapia. Nilimwambia, "Dada amefikiri vyema." Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimechoka kuitwa Mama Zuhura. Zuhura alisikia. Akaenda kukunja nguo za mdogo wake. Alikuwa akiimba ule wimbo wa taifa waliofundishwa shuleni baada ya bendera mpya kupandishwa, huwa anauimba kutwa, na pale akanyamaza katikati ya mstari. Athumani akaingia mvunguni mwa kitanda akagoma kutoka.

Nikaufunua mkate. Ulikuwa umejaa sufuria, umetulia, rangi ya dhahabu. Nikaufunga kwa kitambaa ungali wa moto, tukatoka sote kwenda Msambweni, watoto wakamuage mama yao.

Rukia alipomwona shemeji na mfuko wake wenye nguo za watoto alielewa. Aliitikia salamu, akauliza habari zako, akauliza habari za miguu yako. Muuguzi akamkatia kipande. Akala kidogo, akatafuna polepole, na sisi tunamtazama kama watu wanaongoja mwezi uandame. Akakimaliza. Akaomba kingine.

"Nani kapika?" akauliza.

"Baba," akasema Zuhura.

"Baba yupi?"

"Baba huyu. Alikuna na nazi."

Rukia akacheka, akakohoa, akacheka tena na machozi yakamtoka. Alipotulia alimgeukia shemeji. "Shemeji, wifi yangu ana haki, na nyumba yake naijua, watoto hawatalala njaa. Lakini mimi hapa kila siku najiambia, meza dawa, utarudi kwa wanao. Wakiondoka, nikipona nitarudi kwenye nyumba gani?"

Hakulia wala hakusihi. Aliuliza tu, kisha akanyoosha mkono kuomba maji.

Shemeji akamletea maji, akaubeba tena mfuko wake. Tulipofika nyumbani nilipika wali na mchuzi ule wa nazi, nikamkaribisha. Alikula, Athumani amemkalia pajani, yule yule aliyejificha mvunguni asubuhi. Alipokwisha kunawa alisema, "Sasa nitamwambia nini dada yako?"

"Mwambie ulikula ukashiba," nikamwambia.

"Shee, hilo halitamtosha."

"Najua. Lakini kwa sasa sina jingine."

Asubuhi alipanda basi peke yake. Ndivyo ilivyokuwa, dada. Sikumfukuza mumeo, wala sikuikataa huruma yako. Kila nilipotaka kukuandikia niliogopa kwamba ungedhani natafuta maneno. Nilingoja niwe na habari njema ya kukupa mkononi, na sasa ninayo: Rukia amerudi nyumbani. Daktari amesema kifua kimesafika, bado kumeza vidonge na kupumzika.

Lakini nisikufiche, siku zile za kwanza hazikuwa sukari. Aliingia jikoni akakuta kila kitu kimehama. Chumvi niliihamishia juu kwa sababu ya panya, mwiko wake mkubwa nilikuwa nimeuchonga upya ukawa mfupi. Alipika mchuzi kwa taabu, na Athumani, mtoto hana adabu ya ulimi, akasema, "Mama, wa baba hauko hivi." Rukia akaweka sahani chini akatoka. Nikamfuata nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa nalala kule," akaniambia, "naota najiona nawapikia. Nimerudi nakuta hamnihitaji."

Nikamwambia achukue jiko lake lote, mimi nitarudi kwenye randa yangu. Akatikisa kichwa. "Silitaki jiko, Shee. Hata sufuria yenye maji siwezi kuiinua. Nalitaka na silitaki." Tukakaa pale juu ya gogo tukitazama miwa, hata Zuhura akaja kutuita.

Kesho yake nilipoanza kusaga mchele alikuja na mkeka wake akautandika karibu na jiko. Akavua mtandio akaufunga kiunoni. "Haya," akasema. "Nifundishe huo mkate. Mama hakunifundisha, sisi tulikuwa tukinunua kwa jirani."

Nikadhani ananitania. Hakuwa akinitania. Aliukoroga yeye, nikamwonyesha uzito unaotakiwa, akachovya kidole akalamba, akasema umepungua sukari, na ni kweli ulikuwa umepungua. Makaa nilipalia mimi kwani kifuniko ni kizito na moshi haumfai. Tukakaa mkekani kuungoja. Akaniuliza habari za karakana, akaniuliza nani alimwosha Athumani nywele, akaniuliza mambo ya miezi mingi ambayo hatukupata nafasi ya kuyasema barazani tukitazamwa na wagonjwa wengine. Mkate ulipotoka ulikuwa umeinama upande mmoja. Tuliula wote, na Athumani akataka tena, na Rukia akamkatia mwenyewe.

Tangu hapo tunapika wawili. Siku akiwa na nguvu anapika yeye, siku akichoka napika mimi, na karakana waseme watakalo. Juzi yule aliyekuwa wa kwanza kunicheka alinivuta pembeni, mkewe amejifungua na hakuna mtu kwake, akaniuliza kwa kunong'ona uji unatiwa unga maji yakiwa baridi au yakichemka. Nilimjibu kwa kunong'ona vilevile.

Nisalimie shemeji Bakari, na umwambie Athumani anamuuliza kila siku. Msalimie shangazi aliyepoteza macho, na mama mkwe wangu, umwambie binti yake ananenepa. Bi Mejumaa anakusalimu ingawa hamjaonana, na Zuhura anasema shikamoo shangazi, yuko darasa la pili.

Dada, kama hasira imepungua, njoo. Kama haijapungua, njoo nayo. Rukia ananiuliza ukifika upikiwe nini, na nimegundua jambo la kunitia aibu: nimekula kwa mkono wako miaka yote ile na sijui wewe mwenyewe unapenda chakula gani. Niandikie uniambie, nianze kujifunza.

Ni mimi mdogo wako,
Shee Omari