Kijerumani cha Kuongea na Valentine

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Neno la leo: verstehen. Kuelewa. Kamusi yenyewe ni ya bure, iko mtandaoni, maana zimeandikwa kwa Kiingereza na chini kuna mifano. Treni ya Hamburg imechelewa. Jirani ana mbwa wawili. Hapa Ngao, kando ya mto Tana, treni nitaitoa wapi? Lakini nasoma. Mjukuu wangu Valentine ana miaka sita, anajua Kijerumani tu. Kila Jumapili binti yangu Susan, aliyeolewa Ujerumani, anamleta kwenye simu, tunapungiana mikono, basi. Hawajui kwamba najifunza. Nataka kumshtua siku yake ya kuzaliwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Jirani yangu Gollo alipita kuchukua jembe, akanikuta narudia maneno kwa sauti. Akauliza naongea na nani. Na Wajerumani, nikamwambia. Akacheka — wale wa misheni si walishaondoka zamani, wamebaki makaburini tu.

Alipokwenda nyumba ikawa kimya. Nikabonyeza mfano mwingine kwenye kamusi, sauti ya mwanamke ikauliza: umeshakula? Tangu nimzike mama Susan hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikabonyeza tena. Halafu tena. Mwishowe nikamjibu, bado.

Jumanne, 14 Oktoba
Mvua. Bando limeisha. Sijaongea na mtu.

Jumapili, 19 Oktoba
Susan alipiga baada ya ibada. Alikuwa anakata vitunguu, simu ameiegemeza mahali. Mumewe Oliver akaingia nyuma yake, hakunisalimu. Si kawaida yake. Wakaanza Kijerumani cha haraka, mengi yakanipita. Kisha Susan akasema: nicht vor meinem Vater. Si mbele ya baba yangu. Oliver akajibu: er versteht doch nichts. Huyo haelewi kitu.

Nilielewa.

Nikaendelea kutabasamu kama mjinga. Susan akanigeukia, akauliza kama maji ya mto yamefika shambani. Nikasema bado. Nikamuuliza kama wako salama.

"Tuko salama, Baba. Ni uchovu wa kazi tu."

Jumatatu, 20 Oktoba
Kuna maneno ya Oliver yamenikaa kichwani: ich ziehe am Ersten aus. Nikatafuta ziehen, kuvuta. Sasa anavuta nini? Nikasoma mifano yote. Chini wameeleza kwamba kitenzi chenyewe ni ausziehen, kinakatwa na kipande kinatupwa mwisho wa sentensi. Maana ya kwanza, kuvua nguo. Ya pili, kuhama.

Oliver anahama tarehe mosi.

Nikaenda shambani, sikulima. Ningependa kumwambia mtu. Gollo angetangaza kijiji kizima. Mama Susan angejua la kusema. Au angenyamaza nami.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimemwandikia Susan ujumbe, nimeufuta. Nikisema najua, nitamwaibisha. Nisiposema, atalia peke yake kule, na mimi huku.

Jumapili, 26 Oktoba
Susan hakupiga, nikapiga mimi. Akapokea Valentine, yuko peke yake. Siku yake ya kuzaliwa bado, lakini nilishindwa kungoja. Nikamuuliza hali kwa Kijerumani. Akanitazama kama simu imeota meno. Halafu akamwaga maneno. Nikamwomba polepole. Akasema polepole, maneno madogo: Baba ana nyumba mpya. Huko nitakuwa na kitanda kingine. Mama yuko bafuni, analia.

Susan akatokea, macho mekundu.

"Baba, mlikuwa mnaongea lugha gani?"

"Yake."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Akakaa kitini. "Kwa hiyo ile Jumapili..."

"Nilisikia, mwanangu."

Akaiweka simu mezani. Naona dari yao nyeupe, basi. Namsikia analia, sasa hajifichi. Nimemwita kwa Kipokomo chetu, kwa lile jina alilokuwa akiitwa na mama yake alipokuwa mdogo. Sikati. Naandika huku naangalia dari.

Uso wa Valentine umeinama juu ya simu. Ananong'ona, anauliza kama bado niko.

Niko, nimemwambia. Mwambie Mama, Babu yuko.