Mtandao Upo, Majina Hakuna

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, ngurumo upande wa kijiji cha Pito, na mimi nina hasira ambazo hata chai haijazipunguza.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo cha uuguzi, na wanapokea kwa mtandao tu. Mdogo wangu Modesta alikaa pembeni yangu, vyeti vyake mapajani. Kompyuta yangu yenye mfumo wa Linux, ambayo nimejisifia mtaa mzima, ikagoma kufungua tovuti hata moja.

Mtandao ulikuwepo. Nikiita kwa namba, najibiwa. Nikiita kwa jina, kimya. Jina la tovuti lazima kwanza ligeuzwe kuwa namba, na seva ya kampuni yetu ya mtandao inayofanya kazi hiyo ilikuwa imelala.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Simu yangu ni mbovu, haisikiki bila spika ya nje, kwa hiyo nyumba nzima ilisikiliza. Nikaeleza tatizo kwa utaratibu. Kijana aliyepokea akaniuliza niko mkoa gani, mji gani.

“Sumbawanga?” Akacheka. “Kaka, huo si mtandao. Waone kwanza wazee wa huko.”

Utani uleule wa uchawi tunaotupiwa watu wa Sumbawanga. Nikakata simu.

Nikafungua faili la mipangilio mwenyewe, nikafuta seva yao, nikaweka nyingine. Tovuti ikafunguka. Modesta hajafika mbali, ikapiga ngurumo, na mama akafanya wanachofanya mama wote wa hapa: akafunika kioo cha kujitazamia kwa kanga kisivute radi, akachomoa kila kilichochomekwa ukutani, kompyuta ikiwemo. Ilipowaka tena, majina hayapo. Nikarekebisha. Ngurumo nyingine, mama tena, majina hayapo tena. Nikaanza kuamini kwamba sijui ninachofanya.

Kumbe kila ikiunganishwa upya, kampuni inaandika seva yake mbovu juu ya ile niliyoweka mimi. Mama hana kosa. Nikalifunga faili lisibadilishwe na yeyote, nikamwambia Modesta aendelee.

Akaendelea vizuri mpaka mahali pa kuzaliwa. Hapo vidole vikasimama.

“Kaka, nikiandika mkoa tu, Rukwa, watakubali?”

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua. Alikuwa amekaa hapohapo wakati yule kijana anacheka.

Nikamwambia aandike Sumbawanga, mji alikozaliwa na kusoma, ambao hauna cha kuonea aibu. Akaandika. Maombi yakaenda, jibu la kupokelewa likaja. Mama akashukuru Mungu, akafunua kioo.

Mimi bado nimekaa hapa nikichemka. Faili nimeweza kulifunga. Kile kicheko kilishamwingia mdogo wangu, na sijui amri ya kukifuta.

Jumatatu nitawapigia tena. Safari hii sitaulizia seva.