Sitatubu Kupumzika

Mbuke, mke wangu, nakuamkia: mwangaluka.

Ninakuandikia nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba hii ya kijijini ambayo hukuipenda. Miguu imevimba, na pumzi huniishia kabla sijafika mlangoni. Mganga wa zahanati ameacha kunidanganya. Nitakufuata karibuni, lakini kwanza kuna ugomvi, nawe hukuwahi kuukimbia ugomvi mzuri.

Juzi alikuja Mzee Shigela, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na wenzake wawili. Wanataka Jumapili nisimame mbele ya watu nitubu ule mwaka nilioacha kuhubiri. Wanauita kurudi nyuma. Nisipotubu, kanisa halitanizika: hakuna kengele, hakuna wimbo. Shigela alisema kwa upole kabisa, "Mwinjilisti, ni maneno mawili tu. Nimetenda dhambi. Basi."

Nimekataa.

Wewe ulikiona kilichonipata kabla yangu. Tulikuwa tumehamishwa na serikali kutoka mji wetu wa zamani, milango na mabati juu ya mkokoteni, hadi kwenye nyumba hizi zilizopangwa mistari. Huku kila kitu kikawa changu. Asubuhi ibada, mchana pamba ya shamba la kijiji, jioni darasa la watu wazima, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Wakifa, mimi. Wakigombana, mimi. Nikahubiri vizuri kuliko wakati wowote, watu wakalia, nami ni mkavu kama ganda la pamba. Neno la Mungu lilipita mdomoni mwangu kama gunia la nafaka linavyopita begani mwa mpagazi: mzigo unafika, yeye ana njaa.

Unakumbuka tulipotoka kwa yule mama aliyefiwa na mtoto? Njiani ulisimama, mikono kiunoni. "Baba Masunga, umemwombea yule mama kama mtu anayesoma gazeti la jana."

Nikakasirika. Nikafunga kula, nikazidisha maombi ya alfajiri. Nikazidi kukauka, hadi nikaanza kuwachukia wagonjwa kwa kuugua kwao. Ndipo uliponikalisha ukanikumbusha ngitili ya baba yako. Mvua zikianza alikuwa akitenga sehemu ya malisho, hakuna ng'ombe anayeingia. Nyasi zinafika kiunoni, majirani wanamcheka: "Nyasi nzuri hivi, za kuangalia?" Kiangazi kikikaza, ng'ombe wao wanakonda, wa kwake wanakula.

"Wewe umechungia kila mahali," uliniambia. "Hukuacha hata kona. Sasa funga."

Nikafunga. Mwaka mzima sikuhubiri; nikaenda kukaa benchi la nyuma, kwa akina mama wenye watoto wachanga, nikahubiriwa. Nyumbani uliomba kwa ajili yetu sote, mimi nikisema Amina tu. Siku nyingine hata hiyo haikutoka, nawe ukasema, "Nimekuitikia mimi. Lala." Shigela alipokuja kulalamika ulimpa uji, ukamwambia, "Ng'ombe wako akilegea unamfungua nira. Mume wangu unataka kumwongezea plau?" Alikunywa uji wote, akaaga. Najua anakumbuka.

Hakuna malaika aliyeshuka. Asubuhi moja tukipalilia viazi nilijisikia ninaimba puani. Hukugeuka. Ulipunguza tu kasi ya jembe ili usikie. Baadaye nikafungua Zaburi, si kutafuta mahubiri. Nilikuwa na njaa.

Kisha ukafa. Nikaogopa ukame ule utarudi. Haukurudi, Mbuke. Nililia, nikagombana na Mungu kwa sauti huko shambani mpaka wachungaji wa ng'ombe wakahamisha mifugo. Lakini nilikuwa nampigia kelele Aliyekuwepo. Wakati ule wa uchovu sikuwa na hata la kumlaumu. Huzuni ya kukupoteza ilikuwa na maji. Ule uchovu ulikuwa vumbi.

Ungamo ninalo, ila silo wanalolitaka. Nilidhani nikinyamaza, Mungu atakosa mdomo katika kijiji hiki. Hicho kiburi nitakitubu Jumapili kwa sauti yote iliyonibakia. Kupumzika, hapana. Wainjilisti vijana watakuwa wamekaa pale mbele, na wawili kati yao ninawaona tayari wana macho yangu ya wakati ule. Nikisema kupumzika kulikuwa dhambi ili mimi nipigiwe kengele, wao watafia chini ya nira wakidhani ndiyo imani. Sinunui kaburi kwa bei hiyo.

Masunga, mwanao, amepaka mafuta ekseli ya mkokoteni bila kuniuliza. Wakinikataa hapa, atanileta huko kwenye mji wetu wa zamani, ulikosisitiza tukuzike. Anasema nyasi zimefika kiunoni juu ya kaburi lako, akataka azifyeke. Nimemkataza. Nani alimwambia nyasi za ngitili ni takataka?

Basi pumzika, mke wangu. Ninakuahidi sitapunguza neno hata moja, hata Shigela akikohoa. Nitasimama kwa fimbo, na fimbo ikishindwa nitasema nikiwa nimekaa benchi la nyuma. Na nikimaliza, kama kanisa zima litakaa kimya, niitikie wewe.

Mumeo,
Baba Masunga