Mawe Yalipotakata

Kirua Vunjo

Mjukuu wangu Manka,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako hajambo, ni magoti tu. Ng'ombe amezaa dume.

Unauliza, kwa ajili ya masomo yako, zamani bila vipimo tulijuaje kama kijito ni kizima.

Nikiwa kijana, msimu mmoja tulipiga kahawa mrututu, ile dawa ya bluu, na watu wakawa wanasuuzia mabomba yao ya kupulizia dawa kijitoni. Siku ya kusafisha mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji migombani, tulikuta mawe yametakata. Hapakuwa na utelezi wala ukijani, na maji unaona hadi chini. Wazee wakafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kuchota maji ya kunywa. Akageuza jiwe, akageuza jingine.

"Kaa wamehamia wapi?" akauliza.

Sisi tulipima maji kwa macho, na kwa macho hayakuwahi kupendeza vile. Tukateremka kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Yeye akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Msimu uliofuata alisimama pale juu kijitoni watu walipokuwa wakisuuzia, na kila aliyekuja na bomba akarudi kulisuuzia shambani. Utelezi ulirudi kwanza. Kaa walichelewa sana.

Sijui vipimo vyako vitasemaje. Mimi jana niligeuza jiwe palepale, kaa akanibana kidole. Kimevimba hadi sasa, na bibi yako anashangaa ninacheka nini.

Babu yako