Mwosha Hatoki Mkono Mtupu

Kwa mdogo wangu Athmani, hapo nyumbani kwetu Mambrui,

Assalaam alaikum. Ni mimi dada yako Rukiya, nakuandikia kitandani huku Amerika, nimeegemezwa mito. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Lile goti lako lililovimba limepoa, au bado waswali umeketi kitini? Nakuona ukicheka, kwamba mgonjwa ndiye amwulizaye mzima hali.

Sikukupigia kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima. Ukiipokea tu waiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu nishasikia majirani wakiniitikia. Haya ni yako peke yako. Barua anakuletea mkononi Bi Zena, jirani yangu wa huku, anayekuja Malindi kumwona mamake.

Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Aliyasema kwa upole huku akinipapasa mkono, nami nikajua. Mtu aliyekuwa mwalimu hutambua anapoambiwa jambo kwa kuzungushwa. Naogopa, Athmani. Naogopa kufa na deni.

Wakumbuka nilikuwa nikifua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba ile ilifungwa, tukaachishwa sote. Nyinyi sikuwaambia. Serikali ya huku humpa posho aliyekosa kazi, na kila wiki humwuliza: umefanya kazi yoyote, umepata malipo yoyote? Nami kila wiki nikijibu hapana. Wakati huohuo nilikuwa nikiwaosha maiti wa kike wa msikiti wetu, kama alivyonifunza mama.

Wajua desturi yetu. Mama akitoka kuosha alirudi na leso ya marehemu, au noti iliyokunjwa ndogo kabisa, na akijaribu kukataa wafiwa walimlilia: "Wataka mama yetu aende na deni lako?" Watu wa kwetu walioko huku wameshika vivyo hivyo. Wao hukutilia bahasha mfukoni mwa koti ukiwa umeinama kuvaa viatu, na ukiirudisha umewavunjia heshima.

Siku moja afisa wa afisi ile ya posho akanipigia kunikagua. Mwanamke, sauti changa. Akaniuliza siku zangu nazishinda vipi. Nami kwa majivuno yangu nikamwambia, "Naosha maiti."

Akauliza: "Maiti wa watu?"

"Wa watu, mwanangu. Sahani pia naosha, lakini ni zangu."

Hakucheka. "Wanakulipa?"

"Hawanilipi. Wananipa."

"Wanakupa nini?"

"Wanachojaliwa."

"Pesa?"

"Mara nyingine."

Nikamsikia akichapa. Alichapa muda mrefu.

Wakaniandikia kwamba posho ile haikuwa haki yangu, nilikuwa na pato nikalificha, basi niirudishe yote. Nikakata rufaa. Nilieleza desturi yetu kwa Kiingereza safi, kile nilichokuwa nikiwafundisha watoto wa Malindi. Ikakataliwa. Sasa wananikata kwenye pensheni, na kinachobaki hakitoshi kodi na dawa. Mlango ukibishwa, hata akiwa ni mtu wa dawa, nakaa kimya mpaka nisikie nyayo zikiondoka.

Nawe usiniambie nimeonewa. Hapa ndipo penye jambo nisilomwambia mtu.

Mwanzo sikujua kwamba bahasha ile ni malipo. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini kulifika wakati kodi ikachelewa na mwenye nyumba akaanza kunisimamia mlangoni. Simu ya msikiti ikalia, nikaambiwa bibi mmoja amefariki, na kabla sijasema inna lillahi nikafurahi. Nilifurahi, Athmani. Nikaenda kumwosha na huku moyoni nishaitumia bahasha yake. Nilimmwagia maji kwa mikono hii, nikamtia karafumaiti, na muda wote jicho langu liko kwenye koti lililotundikwa. Wiki ile nilipoulizwa kama nimepata malipo yoyote, nilijua jibu. Nikajibu hapana. Na sikukoma hapo.

Watu wa msikiti husema mikono yangu ina baraka. Usiku naiweka chini ya shuka nisiione.

Fatuma, binti niliyemfunza kuosha, ndiye anayenipikia uji. Akiniona nikisoma na kusoma tena ule waraka wa afisi, hunicheka. "Bibi, kwa sheria za huku ukifa huna mali hawamdai mtu. Yameisha!"

"Kwao yameisha," nikamwambia.

Akaenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Sasa ombi langu. Ile minazi ya upande wa kisima niliyorithi kwa baba, nakuomba uniuzie. Najua nazi zake ndizo zinazosomesha wajukuu wako, na sikuwahi kukuuliza hata dafu. Laiti ningekuwa na njia nyingine nisingekugusa hapo. Ukiweza uza yote, Bi Zena aniletee akirudi. Ukishindwa, uza nusu. Ukishindwa kabisa usinieleze sababu mbele ya nyumba nzima. Nipigie tu useme minazi imezaa vizuri, nitaelewa, na sitakuwekea kinyongo.

Lakini hili usilishindwe. Mimi nitazikwa huku. Mkiniswalia hapo msikitini kwetu na ikaulizwa nani anamdai marehemu, simama useme deni la Rukiya liko juu yako, hata kama utalilipa kidogo kidogo mpaka mwisho wa umri wako. Goti likikuuma, simama hivyohivyo.

Nisalimie wifi yangu Mwanajuma, mwambie achari yake ya maembe ndiyo chakula pekee ninachokiota. Nisalimie mwanao Bakari mwendesha tuktuk wa Watamu, apunguze mbio. Somo yangu Bi Khadija, tuliyekaa naye ukuta kwa ukuta, mwombe anisamehe kwa yote, anayoyajua na asiyoyajua.

La mwisho. Fatuma ndiye atakayeniosha. Naye ameachishwa kazi majuzi, na kila wiki anaulizwa swali lilelile. Nimemwonya akiniosha asipokee bahasha ya mtu. Sandukuni kwa mama mna leso zake, zile jozi asizowahi kuzivaa. Mpe Bi Zena azilete. Sitaki mtoto yule atoke kwangu mkono mtupu, wala sitaki, siku simu itakapolia kwa ajili yangu, awe ana haja ya kufurahi.

Dada yako, aliyekubeba mgongoni,
Rukiya